Safari ya Trei Tatu

Mama yangu hakuwahi kupanda ndege hata siku moja, lakini ukimuuliza mji fulani uko mbali kiasi gani, hakukutajia kilomita wala saa. Alikutajia trei. Karibu maisha yake yote alifanya kazi kwenye jiko linalopikia ndege, lile jengo refu lisilo na madirisha nyuma ya uwanja, akisimama kwenye mstari na kofia ya plastiki kichwani, akipanga uma na kijiko, kikombe upande wa kulia, chombo cha chakula cha moto katikati. Miji ya karibu ilikuwa ya biskuti na juisi, na hiyo aliidharau waziwazi. "Hiyo nayo safari?" alikuwa anasema. "Si bora waende kwa miguu." Ya mbali kidogo ilikuwa ya trei moja. Mji alikokwenda kuishi mdogo wangu ulikuwa wa trei tatu: chakula kizito, sandwichi ya katikati, na kile cha kabla ya kutua. Saa kumi na nne hewani bila kugusa ardhi. Kutoka kwetu hapakuwa na safari nyingine ndefu kama hiyo, na mama aliitaja kwa majivuno, utadhani yeye ndiye aliyeusogeza ule mji mpaka huko.

Mdogo wangu ni kitinda mimba, mimi ni kifungua mimba. Katikati yetu hakuna mtu, ni miaka tu, kwa hiyo sikuwahi kupata wa kumsengenya naye. Mama alimpa jina la babu yetu, baba yake yeye mama, na kwa sababu hiyo akamwita Baba. Akilitamka jina hilo hata uso ulilainika. Mimi aliniita "we". We, lete maji. We, funga dirisha. Majirani wapya walichukua wiki kadhaa kujua kwamba mimi ni mwanawe wa kumzaa na si msichana wa kazi, na mama hakuwa na haraka ya kuwasahihisha.

Siku mdogo wangu alipoondoka, mama alibadilishana zamu na mwenzake ili awe kwenye mstari wa ndege ile. Hakuweza kujua trei ipi itamwangukia mwanawe, basi akaweka mapaja mawili ya kuku kwenye kila trei iliyopita mbele yake, mpaka msimamizi alipokuja kumshika mkono. Watu tusiowajua walikula vizuri sana siku ile. Mama alipewa onyo la maandishi, akarudi nalo nyumbani huku anacheka. Mwaka huohuo mimi nilikuwa nimeachika na nimerudi kwake na begi moja. Nilipoingia mlangoni aliniuliza kama nimekula. Nikasema bado. Akasema sufuria ziko palepale, unazijua.

Ugonjwa ulipomwangusha, nilimhudumia mimi. Sisemi hivyo ili nisifiwe, nasema kwa sababu hakuna mwingine atakayesema. Nilimgeuza ili asipate vidonda, nilimwosha, nilimlisha kwa kijiko, na godoro langu nikalitandika sakafuni kando ya kitanda chake. Mdogo wangu alituma salamu. Nesi wa zahanati alitupitia kila asubuhi. Alituletea dawa ya maji ya kutuliza maumivu, chupa ndogo ya kahawia yenye bomba la kupimia, akanionyesha namna ya kumdondoshea mama ndani ya shavu.

"Usiipitishe saa yake," aliniambia. "Maumivu ya ugonjwa huu yakishapanda hayashuki kwa kubembelezwa."

Baada ya muda akanivuta ukumbini na kuniambia kwa sauti ya chini kwamba kama kuna ndugu wa kuitwa, aitwe sasa.

Nilimpigia mdogo wangu. Sikuwa na hamu, lakini nilimpigia. Alilia kidogo, akapenga kamasi. "Nakuja, dada," akasema. "Leo hii nakata tiketi."

Asubuhi moja, jua halijachomoza sawasawa, simu ikalia. Niliweka spika nikailaza kwenye mto karibu na sikio la mama. Nyuma ya sauti ya mdogo wangu kulikuwa na magurudumu ya masanduku na mwanamke akitangaza jambo kwenye kipaza sauti.

"Mama, shikamoo. Niko uwanjani. Ndiyo wanatuita geti sasa hivi. Jioni utaniona."

"Marahaba, Baba," mama akajibu. Kwa siku kadhaa hakuwa ametoa neno la kusikika mpaka mlangoni, na hilo lilisikika mpaka kwa jirani. "Kaa dirishani. Na mkate wao usile, huwa ni wa jana. Kula kuku."

Simu ilipokatika alikuwa mtu mwingine. Alitaka akalishwe. Alitaka asukwe, na nisimvute nywele kana kwamba nafunga kuni. Alitaka shuka jeupe ambalo halijawahi kutumika, lililokuwa linasubiri mgeni tangu nikiwa msichana. Akaagiza godoro langu litolewe chumbani, lisimtie mwanawe kinyaa. Nikalikunja, nikalipeleka stoo.

"Na we ukaoge," akasema. "Unanuka ugonjwa."

Nikaenda kuoga. Nilijisugua kwa hasira mpaka ngozi ikawa nyekundu, kisha nikarudi na chupa ya dawa maana saa yake ilikuwa imefika. Mama akafumba mdomo kama mtoto anayekataa uji.

"Hapana. Hiyo inanilaza. Nikilala leo nitamkosa."

Nesi alimkuta katika msimamo huohuo. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mkono. "Mama, ndege yenyewe haifiki mpaka jioni. Kunywa sasa, ulale kidogo, utaamka umemkuta."

"Na nisipoamka?"

Nesi alinitazama mimi. Alipoondoka kwenda kwa wagonjwa wengine aliiacha chupa mezani na kuniambia akikubali tu nimpe, nisingoje saa wala ruhusa.

Maumivu yalianza kupanda taratibu. Niliyaona kwanza kwenye vidole vya miguu, vilivyojikunja chini ya shuka jeupe. Lakini mama alikuwa amejiwekea mpango. Alikuwa ameyagawa maumivu yake kwenye trei tatu, na alikusudia kuyala moja baada ya nyingine mpaka ndege itue.

"Sasa hivi wanasukuma mikokoteni," alisema, macho yametazama dari. "Wameanza mbele, wanarudi nyuma. Amepewa. Anabandua foili. Asijichome kidole, maana yule hana subira." Akacheka, kicheko kikakatwa katikati na maumivu, akatulia mpaka yakapita. "Ya kwanza imekwisha. Bado mbili. Naweza."

Nilimfuta jasho. Niliona wivu, na siuonei haya. Lakini nilikuwa namsubiri pia, tena kwa hamu. Nilitaka aingie chumba kile, avute pumzi, amgeuze mama mara moja tu kwa mikono yake, aone uzito wa mtu aliyebaki mifupa. Basi nikaenda jikoni kumpikia kuku.

Jua lilikuwa utosini ujumbe ulipoingia. Ulikuwa wa sauti, umetoka kwake. Nilisimama na mwiko mkononi nikajiuliza mtu aliye angani ametumaje ujumbe, na jibu nilikuwa nalo kabla sijabonyeza. Nilifungua bomba la maji ili mama asisikie, nikaweka simu sikioni.

"Dada, shikamoo. Dada... sijapanda. Nilifika mpaka mlangoni kabisa, tiketi mkononi, miguu ikagoma. Nikakaa nikapiga hesabu. Saa kumi na nne kuja, saa kumi na nne kurudi, kazini wamenipa siku nne. Zote hizo nije kukaa kwenye kile chumba, na kile chumba kinanuka, dada, usiniambie hakinuki, hata mwaka ule nilipokuja kilikuwa kinanuka. Nije kuangalia mtu anakufa. Kwa faida ya nani? Mimi mama nimeshamlilia zamani, nimemaliza. Wewe upo hapo. Wewe umezoea. Mwambie ndege imeharibika, mwambie chochote, atasahau. Nitakuja kwenye mazishi. Basi, dada. Usinipigie, nataka kulala."

Nilimpigia. Simu ilikuwa imezimwa. Nilizima jiko, kuku hajaiva, nikakaa kwenye kigoda nikitazama maji yanavyomwagika bure. Wewe umezoea. Hivyo ndivyo alivyosema, kwa upole kabisa, kama mtu anayekupa sifa. Wengine wangesema Mungu anamwona. Mimi nilitamani nimwone mwenyewe, karibu, kwa umbali wa mkono.

"We!" mama akaita. "Trei ya pili bado?"

Nilisimama mlangoni. Alikuwa amekaa vilevile nilivyomwacha, nywele zimesukwa, mikono juu ya shuka, uso unang'aa kwa jasho na matumaini.

"Bado, mama. Ndege inatikisika. Hawajaruhusu mikokoteni."

Hilo nilijifunza kwake. Alikuwa ametusimulia mara nyingi jinsi chakula kinavyorudi jikoni kikiwa kizima kwa sababu ndege ilitikisika njia nzima na wahudumu wakaambiwa wakae.

"Umejuaje?"

"Nimeangalia kwenye simu. Inaonyesha ndege ilipo."

Akaitika kwa kichwa, ameridhika. "Ni pale kwenye bahari. Marubani wenyewe walikuwa wanatuambia, pale katikati pabaya."

Basi nikamwacha mdogo wangu pale juu ya bahari, amefunga mkanda, nikarudi jikoni kufikiri. Nilidhani nimejinunulia muda. Sikuona mara moja nilichokifanya. Nilikuja kukiona nilipomkuta mama ameuma upindo wa shuka na damu inamtoka kwenye mdomo. Dawa ilikuwa inasubiri ndege, ndege ilikuwa inasubiri trei, na trei nilikuwa nimezizuia mimi. Ningeweza kuiendesha mbio ile ndege, nigawe ya pili na ya tatu kwa dakika chache, niitue. Lakini ikishatua, huyo mtu ningemtoa wapi?

"Bado inatikisika?"

"Bado."

"Maskini mwanangu. Huwa anatapika huyo." Akavuta pumzi fupifupi, akashika ukingo wa kitanda. Sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwa mtu. Ilikuwa ndogo na ilitoka bila ruhusa yake.

Nikapiga magoti na bomba la dawa mkononi. "Mama, nakuomba. Nusu tu. Nitakuamsha mwenyewe, nakuapia."

"We ndiyo uniamshe?" Alinitazama kwa macho yaliyoingia ndani. "Unataka nilale nimkose. Umekuwa ukitaka hivyo tangu siku aliyozaliwa. Nilikuona ulivyomtazama kitandani pale, na mdomo umeuvuta. Mungu angenipa yeye peke yake ningeridhika."

Alilisema bila hata kupandisha sauti, kwa sababu sauti ya kupandisha hakuwa nayo. Nami nikasema.

"Hakupanda, mama."

"Nani?"

"Mwanao. Hakupanda ndege. Hakuna ndege inayotikisika, nilikudanganya. Yuko kwake, amelala."

Nje mtu alikuwa anapiga gogo kwa shoka, nikawa nayahesabu mapigo ili nisiutazame uso wake. Hatimaye akatikisa kichwa, polepole, kama mtu aliyekuwa anatafuta kitu na sasa amekipata.

"Umemkataza wewe."

"Mama!"

"Umempigia ukamwambia nimeshakufa. Au umemwambia simtaki. Usinitumbulie macho. Baba yangu hawezi kunifanyia hivyo, nimesikia kwa masikio yangu yuko uwanjani, anaitwa geti. Kijicho chako kitakuua."

Nikasogeza dawa. Maumivu yalikuwa yanamtingisha sasa mwili mzima, na kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Niligusa shavu lake kwa ncha ya lile bomba. Akageuza uso na kutema, mate yakaniangukia mkononi.

"Mkono wako siutaki," akasema. "Nitakufa hivihivi. Nitakufa nikijua ni wewe."

Simu ilikuwa mfukoni mwangu. Nilijua kilichomo, neno kwa neno. Nilijua kitamuumiza, na nilitaka kimuumize. Nilitaka pia anywe dawa, maana ile sauti ndogo iliyokuwa inamtoka ilikuwa inanikata maini. Hayo mawili niliyapima pale nikiwa nimepiga magoti, nikashindwa kuyatenganisha, na hata leo siwezi. Nilichoka kuwa mwongo, nilichoka kuwa mwenye kijicho, nilichoka kuwa "we". Nikaitoa simu nikailaza kwenye mto, palepale ilipokuwa asubuhi, nikabonyeza.

Dada, shikamoo. Dada... sijapanda.

Nilimtazama mama usoni. Sikutaka linipite hata neno moja. Mdogo wangu alipofika kwenye hesabu ya saa, mama alitulia. Alipofika kwenye harufu ya chumba, kope zake zilicheza, mkono ukaenda wenyewe kuvuta shuka mpaka kifuani. Mtu anakufa. Nimeshamlilia zamani. Kila neno lilimwingia, nililiona likiingia. Na yule mpumbavu aliposema wewe umezoea, nikamsogelea mama zaidi, nikingoja anitazame. Nilikuwa nimelingoja jambo hilo tangu nikiwa mtoto, ageuze shingo tu anione nipo. Nilikuwa tayari kumsamehe kila kitu kwa hilo moja.

Ujumbe ukaisha. Mama alikuwa anaitazama simu.

"Iweke tena."

Nilidhani hakuelewa, au anataka kuhakikisha. Nikaiweka. Safari hii alifumba macho na kuinamisha kichwa kuelekea kwenye mto, mpaka shavu likagusa kioo cha simu. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilipoisogelea nikagundua anayafuata maneno, nyuma kidogo ya sauti ya mwanawe, kama watu wanavyofuata dua.

"Tena," akasema. Kisha, katikati ya ule upuuzi wa siku nne za kazini, akafumbua macho. "Umesikia? Anavuta pua. Ana mafua. Huko kuna baridi kali na yule hajifuniki kifua, nimesema mpaka nimechoka."

"Mama, umesikia anachosema?"

"Mimi si kiziwi."

"Amesema haji. Amesema kwako kunanuka."

"Sauti yake imekuwa nene," mama akasema. "Sasa anasikika kama baba yangu hasa."

Nikachukua bomba la dawa. Hakuutemea mate mkono wangu tena. Alifungua mdomo bila kunitazama, macho yako kwenye simu, akaipokea dawa yote mpaka tone la mwisho, vile mtu aliye kwenye mazungumzo matamu anavyopokea glasi bila kujua nani amemletea. Nikaifuta midomo yake ile damu. Maumivu yalianza kumwachia, kwanza vidole, kisha mabega, kisha kitanda kikaacha kugonga ukuta. Nilikuwa nimefanikiwa. Nesi angenisifu.

Kila ujumbe ulipoisha alinyanyua kidole kimoja kutoka kwenye shuka, nami nikabonyeza. Kile chumba kinanuka. Nimeshamlilia zamani. Nitakuja kwenye mazishi. Jua lilikuwa limeshuka likaingia dirishani, likamwangukia usoni, na uso wenyewe ulikuwa umetulia, una kitabasamu ambacho hakikuwahi kunielekea mimi. Pumzi zake zilianza kuachana mbali. Magoti yangu yalikuwa yamekufa ganzi kwenye ile sakafu, mahali lilipokuwa godoro langu.

Nikainama mpaka sikioni kwake, lile sikio la upande wangu.

"Mama," nikasema. "Mama, mimi nipo hapa."

Alikunja uso kidogo, kama mtu aliyesumbuliwa na nzi.

"Nyamaza," akasema. "Nimsikie."

Kidole kikanyanyuka. Nikabonyeza tena.